Gitaa Kavu na Nyatiti: Wakongwe Wawili Jukwaani Kisumu

Onyesho lililofanyika wikendi iliyopita katika mkahawa mmoja karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu, halikuwa na bendi kamili. Walikuwepo wawili tu, mpiga gitaa kavu (lisilotumia umeme) na mpiga nyatiti, kinubi cha asili cha Wajaluo, ambao zamani walikuwa katika kundi moja lililochanganya nyimbo za kiasili na roki, kabla halijavunjika na kila mmoja kushika hamsini zake. Waliolifuata kundi hilo enzi zake watakumbuka kwamba nyatiti ilionekana jukwaani kuliko ilivyosikika, kwa kuwa besi na ngoma ziliimeza. Safari hii imesikika, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kusema kwamba kiingilio cha shilingi 1,000 kilikuwa halali kabisa.

Mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda kifupi na kuzipiga nyuzi zake 8 kwa vidole vya mikono yote miwili, huku kidole gumba cha mguu kikiwa kimevishwa pete ya chuma inayogonga ukingo wa chombo. Kwa aliyeketi karibu, ilidhihirika upesi kwamba ile pete ndiyo iliyokuwa ikiongoza kila kitu. Mpiga gitaa aliingia katika nafasi zilizoachwa na mguu wa mwenzake, akitumia kidole gumba kwa sauti nzito na cha shahada kwa sauti nyembamba, kwa omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya ambao marehemu George Mukabi, mwana wa Kisa, magharibi mwa Kenya, aliupa umaarufu kabla ya kifo chake mwaka 1963. Katika omutibo wa asili mapigo yalishikiliwa na chupa ya Fanta iliyogongwa au kukwaruzwa. Hapa nafasi ya chupa imechukuliwa na pete, na muungano huo wa muziki wa Waluhya na wa Wajaluo umekaa vizuri kuliko chochote nilichokisikia katika kanda zao za zamani.

Kilele cha usiku huo kilikuwa wimbo wa maombolezo ambao bendi iliupiga kwa kasi, watu wakacheza bila kusikiliza maneno. Wawili hawa wameupunguza mwendo karibu nusu. Kwa kuwa nyuzi za nyatiti hukazwa au kulegezwa kufuata sauti ya mwimbaji, na sauti ya mzee huyu imeshuka kwa umri, ilibidi mwenzake alegeze nyuzi za gitaa moja baada ya nyingine, mbele yetu, hadi vyombo vikapatana. Zoezi hilo lilichukua muda, na hakuna aliyenung'unika. “Polepole, omera, tunakungoja,” alisema mpiga nyatiti, akimwita ndugu kwa Kijaluo. Walipoimba ubeti wa mwisho kwa sauti mbili, bila chombo chochote, hata wahudumu walisimama na sinia zao mikononi.

Nyimbo zao mpya za Kiswahili hazijafikia kiwango hicho. Viitikio vyake vimetungwa kwa ajili ya umati na ngoma nzito, na vikiimbwa na watu wawili vinabaki wazi, ingawa mashairi yenyewe yana uzito. Ningependelea wazipumzishe kwanza, wachukue zaidi kutoka katika hazina ya zamani, ambayo bado ina mengi hawajayagusa.

Onyesho lilichelewa kuanza, jambo tulilolizoea lakini lisilostahili kuzoeleka. Lililoniuma zaidi ni mitambo: katika sehemu ya kwanza gitaa lilipandishwa juu mno, na walioketi nyuma wakaikosa ile pete ninayoisifu. Wawili hawa wakialikwa tena, fundi wa sauti aiwekee nyatiti maikrofoni mbili, moja mbele ya ngozi na nyingine chini karibu na mguu, kisha alipandishe gitaa baada ya hapo.