Sumaku ya kunasa chuma kwenye oili ya injini: ununue ipi, uache ipi

Ukitafuta sumaku ya oili utaletewa kila aina: nati za sampo (bakuli la oili lililo chini ya injini), mikanda ya kuvalisha filta, vipande vya kubandika chini ya sampo, hata vijiti vya kupimia oili vyenye sumaku kwenye ncha. Wauzaji wote wanaahidi kwamba injini itaishi miaka mingi zaidi. Ahadi hiyo ipokee kwa tahadhari. Anayesafisha oili ni filta, sumaku inamsaidia tu. Lakini iko kazi moja ambayo filta haiwezi na sumaku inaiweza vizuri: kukuonyesha hali ya injini kila unapomwaga oili. Nimezipanga kwa kuangalia hilo kwanza, kisha usalama, na nguvu ya kunasa mwisho.

Sumaku inavuta chuma na feleji, yaani unga unaotoka kwenye ringi, kuta za silinda, krenki, kemshafti, cheni ya taimingi na gia za pampu ya oili. Pistoni kwa kawaida ni za alumini, kwa hiyo haziihusu. Beringi za krenki zina tabaka la metali laini kama shaba, risasi, bati au alumini, nazo zikisagika sumaku haitakuambia kitu. Mchanga uliopenya filta ya hewa na masizi vinapita mbele yake bila kuguswa. Nati ikitoka safi, usitangaze kwamba injini ni nzima.

Filta ya kawaida ya karatasi inashika vizuri chembe za kuanzia kama maikroni 20 hadi 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nyingi zilizo ndogo kuliko hapo zinapita, na baadhi yake zina ukubwa unaokaribia unene wa utando wa oili kati ya beringi na krenki, ndiyo maana zinasaga. Hapo ndipo sumaku inapopata pa kusaidia.

Ya kwanza, tena kwa mbali: nati ya sampo yenye sumaku

Mara nyingi inakaa sehemu ya chini kabisa ya sampo, ambako chembe nzito zinatulia gari likizimwa. Inagusana na oili moja kwa moja bila bati katikati. Haikuongezei kazi pia, maana nati hiyo ungeifungua tu siku ya kumwaga oili.

Ukishaitoa, ipanguse kwa kitambaa cheupe. Ukikuta uji wa kijivu, laini, unaoteleza kati ya vidole kama grisi, tulia, huo ni uchakavu wa kawaida. Injini mpya, au iliyotoka kuwekwa ringi, itatoa mwingi zaidi mwanzoni. Ukiona vijipande vyembamba vinavyometa na kuchoma kidole, mwite fundi akague cheni, kemshafti na pampu ya oili kabla gari halijarudi barabarani. Piga picha ya nati kila ukimwaga oili, kwa sababu kinachotisha hasa ni kiasi kuongezeka ghafla kulinganisha na mara iliyopita.

Sasa namna ya kuichagua, na hapa usikimbilie bei. Anza na uzi: M12x1.25 maana yake ni upana wa milimita 12, na milimita 1.25 kati ya uzi na uzi. Toyota na Nissan nyingi zinatumia M12x1.25, Honda na Volkswagen nyingi M14x1.5, BMW nyingi M12x1.5. Nati ya M12x1.5 inaweza kuingia mizunguko miwili mitatu kwenye tundu la M12x1.25 kabla haijagoma, na mwenye haraka anaongeza spana. Sampo ya alumini ikishaliwa uzi, hiyo bili hutaisahau. Soma kitabu cha gari au nenda na nati ya zamani. Nunua pamoja na washa mpya (pete ya kuzibia), kisha kaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Nati nyingi za namna hii ni kati ya Nm (nyutoni-mita) 25 na 45, wala hazihitaji bomba refu la kuongezea spana.

Kisha angalia sumaku imeshikiliwa na nini. Iliyobandikwa kwa gundi peke yake iache hapo hapo. Joto na oili vinailegeza, na sumaku za neodimiamu, zile zenye nguvu sana, ni ngumu ila zinavunjika kirahisi, kwa hiyo siku ikibanduka utakuwa na vipande ndani ya sampo. Tafuta ile iliyozamishwa kwenye tundu la nati, ukingo wa chuma ukakunjwa kuibana. Kwenye picha ya karibu utaona mdomo unaoizunguka. Kama picha haionyeshi, muulize muuzaji, na akizunguka zunguka kujibu umeshapata jibu.

Jambo linalowapita wengi ni joto. Oili ya injini iliyopata moto huwa karibu selsiasi 90 hadi 110, na gari likipanda mlima na mzigo inaweza kupita 120. Neodimiamu ya daraja la kawaida imekadiriwa kuvumilia 80 tu. Ikizidi inapoteza sehemu ya nguvu, na hairudi hata ikipoa. Herufi zinazofuata namba ya daraja, kama N42, ndizo za kuangalia: H ni 120, SH ni 150, UH ni 180. Kwa kazi hii ningechukua N42SH nikaacha N52 tupu, ingawa hiyo N52 ndiyo itakayokuvutia spana kwa kishindo pale dukani. Samariamu-kobalti inavumilia 250 na zaidi, lakini ni ghali. Feriti, ile nyeusi, joto inaliweza, ila mvuto wake ni mdogo. Muuzaji anayejisifia nguvu bila kutaja joto, mpite.

Mwisho, pima urefu. Sumaku iliyochomoza sana inaweza kugonga kizuizi cha ndani ya sampo au kichujio cha pampu. Ikiwa ndefu kuliko ya asili kwa milimita kadhaa, jiridhishe kwanza kwamba ndani kuna nafasi.

Na kabla hujaagiza ya injini, fikiria geaboksi ya manyuo na difu. Humo kuna gia za feleji zinazosagana, na kwa kawaida hakuna filta kabisa, kwa hiyo sumaku ina faida kubwa zaidi kuliko kwenye injini. Ila magari mengi tayari yana nati ya sumaku kiwandani kwenye sehemu hizo. Fungua moja uone, usije ukalipia kitu ulicho nacho.

Ya pili: sumaku ya kuvalisha filta

Kwenye filta ya kopo, oili chafu inaingia pembezoni, inateremka kati ya kopo na karatasi, ndipo inapenya karatasi kwenda katikati. Sumaku iliyoshika kopo kwa nje inavuta chembe zikiwa bado upande mchafu, na zikinaswa ukutani zinatupwa pamoja na filta. Inaendelea kunasa hata oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi na vali ya filta ikafunguka kuipitisha bila kuchujwa.

Shida ni kwamba kopo lenyewe ni la feleji, nalo linameza nguvu. Sumaku dhaifu inaishia kwenye bati, ndani haifiki kitu. Chagua iliyopinda kufuata mviringo wa kopo, yenye bati nene mgongoni la kuelekeza nguvu ndani, tena iwe ya daraja la joto kama nilivyosema. Usiibandue sumaku wakati filta bado imefungwa. Toa filta kwanza. Kuona ilichonasa lazima ukate kopo, ndiyo sababu imeshika nafasi ya pili. Na kama injini yako ina filta ya karatasi tupu ndani ya nyumba ya plastiki, usihangaike nayo.

Ya tatu: vipande vya kubandika chini ya sampo

Bei ndogo, faida ndogo. Kwenye sampo ya alumini havishiki. Kwenye sampo ya feleji vinashika, lakini bati linakula nguvu, na ulichokinasa hukioni. Kokoto ikikipiga kipande kikaanguka, chuma chote kilichokusanyika kinaachiliwa kwa mkupuo.

Usinunue kabisa

Sumaku za kudumbukiza ndani ya sampo, zikae zenyewe huko, ni za kukataa bila mjadala. Kijiti cha kupimia chenye sumaku kinaonekana cha maana kwenye tangazo, lakini kinaingia kwenye mrija mwembamba. Mrija ukiwa wa chuma, sumaku inang'ang'ania ukuta kila unapokichomoa, na unga iliokusanya unapanguswa mrijani na kudondoka tena kwenye oili.