Kurekebisha bayasi ya valvu, karakana ya Mwembe Tayari

Karakana hii ndogo inafanya jambo ambalo mafundi wengi wa redio hulipuuza: katika amplifaya ya valvu, inapima kwanza volti ya anodi (bamba linalopokea elektroni ndani ya valvu), ndipo inagusa bayasi, yaani volti hasi ya gridi (waya wa ndani unaodhibiti mkondo) inayopanga mkondo wa valvu ikiwa haipigi sauti. EL34, aina ya valvu ya kuendesha spika, hustahimili wati 25 za joto kwenye anodi; asilimia 70 yake, kiwango cha kulenga, ni wati 17.5, na kwa volti 450 hiyo ni miliampea 39 hivi. Rezista ya omu 1 kwenye kathodi (sehemu inayotoa elektroni) hurahisisha hesabu, kwani milivolti 1 ni miliampea 1 (humo mna mkondo kidogo wa skrini, yaani gridi ya pili, pia). Amplifaya huachwa ipate moto dakika 20, spika zikiwa zimeunganishwa, kisha kila valvu hurekebishwa na kupimwa tena, maana ukigusa moja volti ya zote huyumba.

Soketi nazo husafishwa, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa hiyo si anasa. Mguso wa gridi ukiwa mbovu, volti hasi haifiki, anodi inaiva nyekundu, valvu kwisha.

Kasoro? Vipimo haviandikwi kwenye risiti. Omba viandikwe, pamoja na volti ya umeme wa ukutani saa ile.