Namba 116: inafaa, ila saa 72 hazisubiri simu

Ukianza kushuku kuwa kuna mtu anamchezea mtoto kingono, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, uwe Tanzania au Kenya. Huhitaji salio, na inapokelewa usiku na mchana. Kwa Tanzania namba hii inaendeshwa na shirika la C-Sema: mshauri anakusikiliza, kisha anakuunganisha na ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Ushahidi si kazi yako. Jirani anapiga, mwalimu anapiga, hata mtoto mwenyewe.

Simu nyingi zinaweza kupwaya upande wa mpigaji. "Mtoto amebadilika" haitoshi. Taja umri, anapoishi, kilichobadilika, tangu lini, na nani anamzunguka. Kukojoa kitandani peke yake huenda ni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), au mdogo wake amezaliwa juzi. Lakini binti wa miaka 13 mwenye laini ya pili aliyoificha, vocha zisizoisha, chipsi kuku kila jioni, bodaboda inayolipwa na "anko" asiyejulikana nyumbani, na utoro shuleni? Hapo usisubiri. Zile zawadi ni deni, na atadaiwa. Mvulana mara nyingi huwa mkali au hutoroka nyumbani, ndiyo maana huishia kuchapwa pasipo mtu kumuuliza.

Kasoro kubwa: 116 si gari la wagonjwa. Tukio likiwa ndani ya siku tatu, nenda kwanza hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono (kwa Tanzania). Daktari, polisi na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, inapatikana hapohapo. Usimwogeshe. Nguo yake ya ndani iweke kwenye bahasha ya kaki. Ndani ya plastiki unyevu unaota ukungu na ushahidi unaharibika. Dawa za kuzuia VVU zianze kabla ya saa 72 na zimezwe siku 28 (kichefuchefu hukatisha tamaa, omba dawa ya kukituliza siku hiyohiyo). Ya kuzuia mimba, mwisho saa 120. Na msimhoji mtoto kwa zamu, shangazi leo, mjumbe kesho: maelezo yatagongana mahakamani.

Unasihi wa muda mrefu ndio haba kuliko vyote. Jinamizi, kushtuka akiguswa, kujikatakata, pombe, hata kumrudia yuleyule aliyemdhuru: haya yanaweza kuibuka miaka baadaye, kesi ikiwa imeshasahaulika. Piga tena 116, sema kesi ilishafunguliwa, na uombe mnasihi.