Kitabu cha picha cha mama: nyota nne. Ubao wa herufi: nyota moja

Nianze na bei ya kitabu cha picha nilichomtengenezea mama baada ya kiharusi, maana najua ndilo swali la kwanza. Kitabu kizima kimenigharimu shilingi 34,000: kurasa 16 za rangi zilizopigwa laminesheni, na spairo juu ili kisimame chenyewe mezani. Nimekitengenezesha kwenye duka dogo la steshenari Mwanga, Kigoma mjini, jirani na soko. Kazi ilichukua mchana mmoja, ukiondoa muda umeme ulipokatika.

Ni kitabu cha kuwasiliana na mtu aliyepigwa kiharusi akapoteza maneno. Nasema maneno, sisemi sauti, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Hapa Kigoma nimeona familia zikimaliza fedha kununua vitu vya kutibu ulimi, wakati ulimi wa mgonjwa hauna kosa lolote.

Mama yangu ameuza mawese Ujiji tangu mimi sijaanza shule. Kwao ni Buha, upande wa Kasulu. Kiha ndicho alichonyonya, Kiswahili alikikuta sokoni, na Kirundi anakijua kiasi cha kutopunjwa na wateja wanaovuka mpaka. Alipoanguka, mkono na mguu wa kulia vililegea na maneno yakakatika siku hiyo hiyo. Hivyo viwili huenda pamoja mara nyingi, na mimi kama mwalimu wa baiolojia nilipaswa kuwaeleza ndugu zangu kwa nini. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu kama 95 katika kila 100 wanaotumia mkono wa kulia, upande huo huo ndio unaobeba lugha. Picha ya kichwa ilionyesha mshipa umeziba kushoto, katika eneo linalolishwa na ateri ya kati ya ubongo. Presha ilikuwa ya siku nyingi. Kiasi cha theluthi ya wanaopata kiharusi hupata na tatizo hili la lugha, linaloitwa afasia, kwa hiyo ukipita mitaa yetu hukosi nyumba yenye mgonjwa wake.

Bidhaa ya kwanza kuingia nyumbani ilikuwa dawa ya kulegeza ulimi. Shangazi aliileta kwa nia njema: unga wa kahawia kwenye kichupa, shilingi 60,000, wa kusugua chini ya ulimi asubuhi na jioni. Nyota sifuri. Wakati huo mama alikuwa anakula ugali wa muhogo na mgebuka, anatenganisha miba humo humo mdomoni na kuitema pembeni mwa sahani mmoja mmoja. Mtu wa namna hiyo ana ulimi mzito? Na shangazi alipoanza kusugua, mama alimtukana. Tusi zima, limenyooka, la Kiha. Watoto wakacheka, shangazi akasema dawa imeshika. Dakika ile ile mama akataka maji, akafungua mdomo, akatoa “baadaye, baadaye”, akafumba macho kwa hasira.

“Baadaye” ndilo neno lililombakia. Ukimuuliza jina lake, baadaye. Ukimletea uji, baadaye. Wageni walidhani anawafukuza. Kisa cha aina hii kina historia ndefu. Mwaka 1861 daktari Paul Broca, pale hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne ambaye kwa miaka mingi alikuwa akijibu kila kitu kwa “tan”. Aliyoambiwa alielewa mengi. Alipokufa, Broca aliufungua ubongo, akakuta umeharibika sehemu ya mbele kushoto, na eneo hilo mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Ubongo wenyewe ulihifadhiwa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha picha zake za mashine za kisasa, wakaonyesha kwamba uharibifu ulizama ndani zaidi kuliko Broca alivyoweza kuona kwa macho. Ndiyo maana ukiambiwa lugha inakaa “hapa” kwenye ubongo, uliza maswali zaidi. Inakaa kwenye maeneo kadhaa na njia zinazoyaunganisha, na ukikata njia moja, kinachoharibika kwa mgonjwa huyu si lazima kiharibike kwa yule.

Lile tusi na “baadaye” si miujiza. Maneno yaliyokaririwa kwa mfululizo, kama sala, nyimbo, kuhesabu na matusi, mara nyingi hubaki hata pale mtu anaposhindwa kuunda sentensi yake mwenyewe. Mama aliisoma Al-Fatiha yote mpaka amin, bila kukosa, siku ambazo hakuweza kusema “maji”. Imamu mmoja alituambia huo ni uthibitisho kwamba amepona. Hakuwa amepona.

Sasa ubao wa herufi. Kaka yangu wa Dar es Salaam alipiga simu akasema, “Kama hawezi kusema, si aandike?” Nilimweleza. Akanunua hata hivyo, akautuma kwa basi: plastiki ngumu, herufi kubwa, shilingi 15,000. Mama alimaliza darasa la saba na alikuwa na daftari la madeni lenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Tukamwekea ubao mapajani. Akagusa M, akagusa M tena, akaelea juu ya A kwa muda, kisha akausukuma ubao ukaanguka. Ubao ule ungemfaa mtu aliyepooza midomo na koo huku lugha yake ikiwa salama, maana yeye maneno anayo na anakosa tu njia ya kuyatolea. Mwenye afasia kama ya mama hukwama pale neno linapotafutwa, kabla halijafika mdomoni wala kwenye vidole, kwa hiyo kuandika kunaanguka pamoja na kusema. Programu ya simu inayosoma kwa sauti unachoandika ina kosa hilo hilo, pamoja na kula chaji. Ubao naupa nyota moja kwa sababu mjukuu wa darasa la kwanza ameuchukua na anaufurahia.

Picha za bure za mtandaoni nilizijaribu pia. Mkate uliokatwa vipande, maziwa kwenye glasi, choo cha kukalia, nesi wa Kizungu. Mama alizitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa albamu ya harusi ya watu asiowajua. Nikazifuta.

Kilichofanya kazi ni kupiga picha vitu vyake mwenyewe kwa simu. Kikombe chake cha bati chenye ua la bluu. Kitanda chake, si kitanda chochote tu. Choo chetu cha nyuma chenye mlango wa mabati. Mswala wake, khanga ya kujifunika, sahani ya sombe, dumu la mawese la lita 20, kila mjukuu peke yake, mimi, shangazi (ndiyo, na yeye yumo), pakiti ya dawa za presha, kiti cha barazani. Kijana wa dukani alipozipanga kwenye kompyuta akaniuliza, “Mwalimu, mbona unachapa masufuria na vitanda? Wengine huleta vyeti.” Nikamwambia ni maneno ya mama yangu. Akaacha kuuliza na akaanza kupendekeza, na mapendekezo yake yalikuwa mazuri: picha nne tu kila ukurasa badala ya tisa, mandhari nyeupe, na jina la kitu kwa herufi nene chini.

Jina hilo la chini ni kwa ajili yetu zaidi kuliko yeye. Kila anayemhudumia hulisoma kwa sauti mama anapogusa picha, kwa hiyo neno lile lile linarudi sikioni kila siku. Mtaalamu wa matamshi hatukumpata; nchini ni wachache sana. Aliyetusaidia ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya mkono na mguu, ambaye alituagiza tusimmalizie neno haraka. Tumpe muda, tumwanzishie silabi ya kwanza, “ma...”, tusubiri. Kusubiri ndiyo kazi ngumu kuliko yote nyumbani kwetu. Sisi ni watu wa Ujiji, tunaongea wote kwa pamoja.

Kasoro za kitabu zipo, ndiyo maana si nyota tano.

Kubwa ni upande wa kulia. Mama alikuwa akigusa picha za kushoto tu, nasi tukadhani anapenda chai kuliko kila kitu. Kumbe kiharusi cha kushoto kinaweza pia kukata sehemu ya kulia ya upeo wa macho. Macho ni mazima, ila ubongo haupokei kinachotoka upande huo. Ikabidi kurasa zipangwe upya, picha kwa safu moja ya kushuka, ukingo wa kushoto. Gharama hiyo imo kwenye ile 34,000, kijana alinichaji karatasi tu.

Laminesheni inang'aa. Barazani saa nne asubuhi huoni kitu, unaona jua. Wanaotengeneza waulizie plastiki isiyong'aa.

Halafu “ndiyo” na “hapana”. Wenye afasia wengi huyabadilishana, mtu anatikisa kichwa kukubali huku anakataa. Toleo la kwanza halikuwa na ukurasa wake. La sasa lina dole gumba juu kwenye kijani na dole gumba chini kwenye nyekundu, kwenye kila ukurasa, sehemu ile ile. Hilo peke yake limepunguza ugomvi wa chakula nusu nzima.

Bei za mawese hazikuhitaji picha. Ukimuuliza mama dumu linauzwa elfu ngapi, hawezi kutaja. Lakini anaanza: moja, mbili, tatu, nne... anapanda ngazi ya namba kwa vidole, na akifika kwenye namba anayoitaka anasimama na kukutazama. Siku moja mteja alimpa noti pungufu akitegemea kwamba bibi kiharusi kimemmaliza. Mama aliishika noti, akaigonga mezani, akahesabu kwa sauti mpaka pale palipopungua. Yule bwana aliongeza. Watu wanaomwongelesha kwa kelele kama kiziwi, au kwa sauti ya kitoto, waje wanunue mawese kwake waone.

Kuimba hakumo kwenye kitabu na ni bure. Mwaka 1973 watafiti wa Boston walichapisha njia ya kufundisha sentensi fupi kwa kuziimba huku mgonjwa akigonga mkono wa kushoto polepole. Wataalamu bado wanabishana kama kinachosaidia ni upande wa kulia wa ubongo kuingia kazini au ni mapigo yenyewe. Sisi tulitumia mahadhi ya kasida anayoijua, tukaweka “nataka chai” ndani yake. Sasa anaimba nataka chai. Kuisema kavu, bado.

Nilimwazimisha kitabu jirani ambaye baba yao naye alipata kiharusi, na kwao hakikufaa. Mzee yule anaongea, tena kwa ufasaha wa kutisha, sentensi ndefu zenye mahadhi ya Kiswahili safi ila maneno hayashikani, mengine hayapo duniani. Na ukimwambia fumba macho, anakujibu hadithi. Walianza kwa kumpeleka kwa mtu wa kupunga mashetani. Carl Wernicke alieleza hali hii mwaka 1874: uharibifu uko nyuma zaidi, karibu na sehemu ya kusikia, na kinachoumia zaidi ni kuelewa. Mgonjwa wa aina hiyo mara nyingi hajui kama anakosea, kwa hiyo haoni sababu ya kugusa picha. Kwake ishara za mikono, uso na sentensi fupi zinafaa zaidi. Kabla hujatoa pesa yako, mpe mgonjwa wako amri mbili tatu bila kuonyesha kwa mkono. Akizifuata, huenda kitabu kikamfaa.

Mnaouliza majina yaandikwe kwa Kiha au Kiswahili: mtaalamu mmoja wa Kifaransa, Ribot, aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu za zamani hudumu kuliko mpya, na waliomfuata wakaona basi lugha ya utotoni ndiyo ingerudi kwanza, mwenzake Pitres mwaka 1895 akasema ni ile iliyotumika zaidi. Wagonjwa hawakuwatii wote wawili. Mama hujibu “mwakeye”, salamu ya Kiha ya majirani, bila shida, ila chakula na fedha vinarudi kwa Kiswahili, labda kwa sababu ameishi sokoni. Nimeandika lugha zote mbili, Kiha juu.

Kasi kubwa ya kurudi kwa lugha huwa miezi ya mwanzo, lakini haikomi hapo. Watu huendelea kupata maneno baada ya miaka, wakizoezwa. Kwa hiyo msitengeneze kitabu kikubwa mara moja. Anza na kurasa sita, uone anagusa nini.

Ukienda dukani, peleka picha ndani ya simu yenyewe. Zikitumwa kwa WhatsApp mara nyingi zinapungua ubora na uso wa mjukuu unatoka ukungu. Ijumaa mchana kijana yuko msikitini. Na mwambie mapema kwamba unataka spairo ya juu, kwa sababu ya pembeni inamlazimu mgonjwa kushika kitabu kwa mkono ule ule uliopooza.