Rangi nyeupe juu ya bati: tathmini baada ya msimu wa kaskazi

Nyumba nyingi za Fuoni, Mwanakwerekwe na Mwera zimejengwa kwa matofali ya saruji na kuezekwa kwa bati, na kila anayekaa humo anajua kwamba kuanzia Disemba hadi Machi chumba kisicho na dari hakilaliki mchana. Ndiyo maana nilinunua rangi nyeupe ya kuakisi jua katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Unguja, nikawaachia mafundi wa duka hilohilo kazi ya kuipaka.

Visiwa vyetu viko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mwezi wa Machi na wa Oktoba, na kati ya Oktoba na Machi haliendi mbali. Kinachopigwa zaidi ni paa. Bati tupu, hata likiwa jipya, hurudisha sehemu ya mwanga lakini ni gumu kuachia joto lililokwisha kuingia, na likiliwa na kutu kwa hewa ya chumvi, hata mng'ao wake hupotea. Rangi nyeupe iliyo safi huakisi sehemu kubwa ya mwanga na huliachia joto upesi.

Katika chumba cha kulala kisicho na dari, tofauti ni kubwa: ukinyoosha mkono karibu na bati saa nane mchana, lile joto la kuchoma halipo tena, na pangaboi limeacha kutusukumia hewa ya moto. Ukumbini, ambako kuna silingibodi, nafuu ni ndogo mno kiasi kwamba nisingelipia rangi kwa ajili yake pekee. Usiku nao una yake, kwa kuwa kiambaza cha magharibi hunywa jua la alasiri na kulitoa polepole mpaka baada ya isha, na rangi ya paa haina la kukifanya. Wala haiondoi fukuto la unyevu linalotangulia masika.

Kwa upande wa kazi, mafundi walisugua kutu kwa brashi ya waya, wakaosha bati, wakapiga praima na kisha rangi mikono miwili, yaani tabaka mbili, kwa utulivu ambao si kawaida kuuona. Kasoro ilikuwa katika vipimo. Walihesabu urefu na upana wa paa kana kwamba ni sakafu, ilhali migongo ya bati huongeza eneo la kupakwa, na rangi ikaisha kabla ya upande wa uani. Ndoo ya ziada niliinunua kwa bei kamili, bila hata neno la pole. Hawakunieleza pia kwamba vumbi la barabara hufifisha weupe, hivyo paa lahitaji kuoshwa kabla ya kila kaskazi, wala kwamba anayekinga maji ya mvua aulize kama rangi inafaa kwa maji ya kunywa.

Gharama yote, pamoja na ndoo ile, haikufikia nusu ya bei ya kiyoyozi, nacho kingenilia umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla ya kutumia, kila siku. Tena umeme wetu hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Ulipoharibika Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani hadi Machi 2010, yaani katika miezi ileile ya joto kali, na kiyoyozi katika hali hiyo ni pambo la ukutani.

Mwenye bati lisilo na dari namshauri ainunue. Mwenye dari nzuri aanze na kivuli cha upande wa magharibi, mti au jamvi la kuning'iniza. Na kabla ya kulipa, fundi apime kwa kufuata mawimbi ya bati, na hesabu ya ndoo iandikwe kwenye risiti.