Riviu: kifaa cha kutikisa maua, nyanya ndiyo, maboga hapana

Nimekitumia msimu mzima sasa. Ni kile kifaa kidogo cha betri chenye kifimbo chembamba mbele, ukibonyeza swichi kifimbo kinatetemeka, unakigusisha kwenye kikonyo cha ua sekunde mbili tatu basi. Nyanya zangu ziko kwenye grinihausi yenye neti, upepo hauingii vizuri na nyuki hawapiti kabisa, maua yalikuwa yanajaa halafu yanadondoka yote.

Kwa nyanya kinafanya kazi, tena sana. Ua la nyanya lina kiume na kike humohumo kwahiyo halihitaji ua jirani, shida ni kwamba chavua, ule unga wa kiume wa ua, imejificha ndani ya kale kabomba ka njano katikati na haitoki mpaka katikisike. Huko nje kazi hiyo inafanywa na upepo na wale nyuki wakubwa wenye manyoya wanaoling'ang'ania ua na kulivumisha, nyuki wa asali hawezi hiyo. Ukigusa ua lililokwisha kunja petali zake nyuma unaona kabisa vumbi la njano linamwagika, yani raha. Kuna mistari miwili niliiacha bila kugusa ili nilinganishe, huko yalishika machache na mengine yamebonyea upande mmoja, maana chavua ikiwa kidogo mbegu zinakuwa chache na mbegu ndo zinazofanya tunda lijae.

Lakini ikaja joto kali. Ndani mchana inapita digrii 35, usiku haishuki chini ya 24, nikawa natikisa kila siku na maua yanadondoka vilevile. Joto la hivyo linaharibu chavua yenyewe, na kuna maua stigma, ile ncha ya kike inayopokea chavua, inarefuka mpaka inachomoza nje ya kabomba kwahiyo hata chavua ikimwagika haiipati. Hapo kifaa hakina kosa, kilichonisaidia ni kuweka neti ya kivuli na kufungua pembeni hewa ipite. Na usitikise asubuhi mapema kukiwa na unyevu, chavua inagandana, mimi naanza saa nne, saa nane mchana nimeshamaliza.

Kilichoniudhi ni boksi, limeandikwa kinafaa kwa mboga zote na sio kweli jamani. Boga lina maua ya kiume mbali na ya kike mbali, chavua yake nzito inanata, utetemeshe mpaka betri iishe haitaruka kutoka ua moja kwenda lingine. Nilipoteza maboga yote ya mwanzo kwa kuamini hayo maandishi na yaliniuma kweli, kwasababu dawa yake haihitaji kifaa chochote, unachuma ua la kiume asubuhi na mapema, unatoa petali, unalipakaza ndani ya la kike, lile lenye kaboga kadogo kwa chini, kabla hayajafunga. Mchana umeshachelewa. Pilipili hoho na bilinganya zenyewe zinakubali kutikiswa.

Kifuniko cha betri kimelegea kidogo. Na gusa kikonyo, sio ua lenyewe, linachubuka.

Kwa nyanya za ndani nakipa nyota nne. Kama unalima maboga tu usinunue.