Mtego wa kitambaa cha buluu na mbung'o wa msituni: tathmini ya miezi saba

Kwa miezi saba nimeutumia mtego wa mbung'o wa aina ya NGU, nilioununua katika duka la pembejeo za mifugo, na ninawaandikia wafugaji wenzangu ambao malisho yao yamepakana na misitu ya pwani. Muuzaji aliniambia, "Huu unanasa mbung'o wote, mzee, hauchagui." Maneno hayo yalikuwa ya kweli kwa nusu tu, na nusu iliyobaki imenigharimu mitamba wawili.

Mtego wenyewe sina budi kuusifu. Umeshonwa kwa uzi maradufu, kitambaa cha buluu kimetandazwa mbele kama mbawa mbili, ndani pana kitambaa cheusi, na juu yake imewekwa koni ya chandarua inayoishia kwenye mfuko wa plastiki. Jina NGU limetokana na Nguruman, huko Kajiado, ambako watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, waliubuni kwa vifaa ambavyo mfugaji anaweza kuvipata na kuvishona mwenyewe. Utendaji wake ni rahisi kuuelewa: rangi ya buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, nyeusi humfanya atamani kutua, na akishaingia ndani hupanda kuelekea kwenye mwanga hadi akajikuta mfukoni, ambamo jua humkausha.

Niliusimika kwenye uwanda wa malisho, hatua kama 300 kutoka uzio wa hifadhi ya Shimba Hills, nikaweka pembeni chupa ya asetoni na kopo la mkojo wa ng'ombe uliolala siku kadhaa, kwa kuwa harufu hizo mbili zikikaa pamoja huongeza sana mnaso. Ndani ya wiki ya kwanza mfuko ulikuwa umejaa kiasi cha kumfanya jirani yangu aje kuuliza bei. Hata hivyo, katika mwezi wa tatu mitamba wawili waliokuwa wakilishwa kando ya kichaka walianza kukonda huku wakila vizuri, manyoya yakasimama, tezi za mabega zikavimba, na daktari wa mifugo alipopima damu ya sikio chini ya hadubini akakuta vimelea vya nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o. Wote wawili walikufa licha ya sindano, kwa sababu nilichelewa kumwita. Ndipo nilipojiuliza ni mbung'o gani hasa niliokuwa nikiwanasa.

Nilimwaga mfuko juu ya karatasi nyeupe na kuwatazama mmoja mmoja kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, na kusema kweli lenzi hiyo ndogo imenifaa kuliko mtego. Kwanza nilitenga chafuo, ambao huingia mtegoni pia na wengi wetu huwahesabu kama mbung'o. Mbung'o halisi akitulia huzilaza mbawa zake mgongoni, moja juu ya nyingine, kama makali ya mkasi uliofungwa. Mrija wake wa kunyonyea damu hutokeza mbele ya kichwa ukiwa na uvimbe mdogo kwenye shina lake. Na katikati ya ubawa, mishipa huzunguka kijisehemu chenye umbo la shoka ambalo ukishalionyeshwa mara moja hulisahau tena. Ukimgeuza chali utamjua dume kwa kitufe cha mviringo kilichopo chini ya ncha ya tumbo, ingawa kwa mfugaji tofauti hiyo haina faraja, kwani dume na jike wote hunyonya damu.

Karibu wote waliokuwa kwenye karatasi yangu walikuwa wa aina ambayo wanasayansi huiita Glossina pallidipes, ambaye vidole vya miguu yake ya mbele na ya kati havina ncha nyeusi. Wachache walikuwa Glossina brevipalpis, mkubwa kuliko wenzake, mwenye doa la rangi nzito kwenye mshipa mfupi wa ubawa, na ambaye hutoka hasa wakati wa magharibi na alfajiri. Wa tatu, Glossina austeni, nilimpata mmoja tu katika mfuko mzima: mdogo, mwenye urefu wa milimita 8 hivi, tumbo lake likiwa na wekundu wa kahawia usio na mistari iliyokolea kama ya pallidipes. Huyo mmoja ndiye aliyenifungua macho, maana wale waliokuwa wakiwauma mitamba kando ya kichaka walikuwa wadogo na wekundu namna ileile.

Glossina austeni, aliyeelezwa kisayansi na mtaalamu wa wadudu Newstead mwaka 1912, ni mbung'o wa pwani yetu khasa. Makazi yake yanafuata ukanda wa misitu na vichaka vizito kuanzia kusini mwa Somalia, kupitia misitu ya Kenya ya Boni na Dodori, Arabuko-Sokoke na Shimba Hills, kisha pwani ya Tanzania na Msumbiji hadi KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Hupenda damu ya nguruwe pori na ya swala wadogo wa msituni, huruka chini chini ndani ya kivuli, na hatoki ovyo uwandani. Kwa hiyo mtego uliosimikwa juani, hata ukiwa mzuri kiasi gani, unamsubiri mgeni asiyepita njia hiyo. Hata ukiupeleka kichakani, mitego ya koni humnasa kwa shida, kwa kuwa mara nyingi hutua kwenye kitambaa na kuondoka bila kupanda juu.

Unguja waliijua tabia yake hiyo mapema. Huko yeye ndiye aliyekuwa mbung'o pekee, na walimfuatilia kwa vibao vya rangi vilivyopakwa gundi, huku madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga, wakimwagwa kwa ndege tangu 1994 ili majike watakaopandana nao wasizae. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Sisi wa bara hatuna bahari ya kumzuia asirudi.

Nami nikatengeneza kibao cha mbao, nikakipaka buluu na gundi isiyokauka, nikakisimika kwenye njia ya nguruwe ndani ya kichaka, sehemu yake ya chini ikikaribia kugusa majani. Katika siku 4 nilihesabu austeni 11, wakati mtego wa dukani katika siku hizo haukunasa hata mmoja. Sikifichi kibao hicho aibu zake: kinanasa vipepeo na majani makavu, siku moja kilinasa mjusi, na mbung'o akishang'ang'ania gundi inabidi umtoe kwa mafuta ya taa, akiacha mguu au ubawa ambao ndio uliokuwa ukiuhitaji kumtambua.

Thamani ya mtego wa NGU inabaki pale pale kwa mtu mwenye pallidipes uwandani. Jike wa mbung'o hatagi mayai. Hulea buu mmoja tumboni na kumzaa kila baada ya siku 9 au 10, na buu huyo hujifukia ardhini na kugeuka bundo, hatua ya kabla ya kuwa mbung'o kamili, kwa mwezi mmoja hivi. Kwa uzazi wa polepole namna hiyo, ukiondoa majike wachache kila siku bila kukatiza, idadi yao hushuka, na hesabu zangu za kila wiki zimeshuka kweli.

Malalamiko yangu kwa duka ni mawili. Buluu ya kitambaa ilianza kupauka katika mwezi wa tano, nacho kitambaa kilichopauka hakivuti kama kipya, lakini wao hawauzi kitambaa peke yake, wanataka ununue mtego mzima. La pili ni kwamba muuzaji hakuniuliza hata mara moja kama ng'ombe wangu hulishwa uwandani au kichakani. Kitambaa nimekwisha mpelekea fundi cherehani wa kijijini anishonee kingine, na vibao vya gundi sasa vipo vitatu.